Vikoa: Tunabishania Bei ya Kuingia, Tunaumizwa Mlangoni pa Kutokea

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2026, Verisign, kampuni ya Marekani inayoshika daftari la majina yote ya tovuti (vikoa) yanayoishia na .com, inaruhusiwa tena kupandisha bei ya jumla ya majina hayo kwa hadi asilimia 7 kila mwaka, miaka minne mfululizo. Bei hiyo imesimama kwenye dola 10.26 tangu Septemba 2024, na kusimama huko hakukuwa hisani ya mtu. Ndivyo mkataba unavyosema: miaka miwili ya kutulia, minne ya kupanda. Habari hii imewatia watu joto. Mafundi wa tovuti wanawaonya wateja walipie miaka mingi mapema, wenye maduka ya mtandaoni wanauliza kama wahame, na lawama zote zinapelekwa Marekani. Nimepiga hesabu. Asilimia 7 ya dola 10.26 ni senti 72, chini ya shilingi 2,000 za Tanzania kwa mwaka mzima. Hata ikipandishwa kwa kiwango cha juu mara zote nne, bei ya jumla itafika kama dola 13.45. Mtu anayelipa shilingi 80,000 kwa mwaka kwa jina moja la .com, kisha akadaiwa laki na zaidi siku anapotaka kuondoka, hakuumizwa na hizo senti 72.

Hoja yangu ni kwamba tumechanganya vifungo viwili ambavyo havifanani wala havina dawa moja. Kifungo cha kwanza kinamfunga mwenye jina kwa mwenye daftari. Hapo hakuna kuhama kabisa: ukitaka kubaki na jina lako la .com, kila mwaka fungu fulani la fedha yako litaishia Verisign, upende usipende. Dawa yake ni kikomo cha bei au zabuni ya wazi. Kifungo cha pili kinamfunga mwenye jina kwa yule aliyemuuzia. Hapo kuhama kunaruhusiwa kwenye maandishi, lakini mlango umewekewa makufuli, ada na vizuizi hadi wengi wanakata tamaa. Kelele zetu karibu zote ni za kifungo cha kwanza, na kinachommaliza mfanyabiashara mdogo wa Mwanza au Kisumu ni cha pili.

Ili hoja ieleweke, tuanze na jinsi biashara yenyewe ilivyojengwa. Hadi mwisho wa miaka ya 1990, kampuni moja tu, Network Solutions, ndiyo iliyosajili majina ya .com. Tangu 1995 ilitoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, na hapakuwa na pengine pa kwenda. ICANN, shirika la California linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, ilipoanzishwa 1998, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuvunja ukiritimba huo kwa kutenganisha ngazi mbili. Chini kabisa akabaki mwenye daftari, anayeandika jina lipi limeshachukuliwa na linaelekea wapi. Juu yake wakawekwa wasajili wengi, wanaouza kwa umma na kushindana kwa bei. Bei ya jumla ya .com ikawekwa dola 6, na rejareja ikaanguka ndani ya miaka michache. Verisign iliinunua Network Solutions mwaka 2000, kisha 2003 ikauza ule upande wa rejareja na kubaki na daftari. Baadaye ikaongezeka ngazi ya tatu ambayo waliotunga kanuni hawakuizingatia sana: wakala, anayenunua kwa msajili wa nje na kutuuzia sisi. Huyu ndiye Watanzania na Wakenya wengi wanayemjua. Ni kampuni ya kuhifadhi tovuti ya mjini, au kijana fundi mwenye kompyuta mpakato na namba ya M-Pesa.

Jina la kikoa, au domeini kama wengi tunavyosema, halinunuliwi. Linapangishwa kwa mwaka, kama fremu ya duka Kariakoo. Na kila aliyewahi kupanga fremu anajua kinachotokea. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba ni mpole, kwa sababu hujulikani na unaweza kwenda mtaa wa pili. Mwaka wa tatu wateja wameshazoea kona yako, fundi wa mabango amekuchorea, mizigo ya mikoani inaandikwa anwani yako, na hapo ndipo kodi inapopanda. Thamani iliyomo kwenye fremu umeitia wewe kwa jasho lako, na anayekutoza kwa ajili yake ni mtu ambaye hakuleta hata mteja mmoja. Ukiielewa fremu hiyo, umeelewa uchumi wote wa vikoa.

Sasa nimtendee haki anayeilalamikia Verisign, kwa sababu malalamiko yake yana msingi. Bei ya jumla ilikuwa dola 7.85 kuanzia 2012, na serikali ya Marekani ikaizuia isipande kwa miaka sita. Mwaka 2018 Wizara ya Biashara ya nchi hiyo ikalegeza kizuizi, na kuanzia Septemba 2021 bei ikapanda mara nne: 8.39, 8.97, 9.59, kisha 10.26. Katika kipindi hicho hicho gharama ya kutunza mstari mmoja kwenye hifadhidata haikupanda namna hiyo. Kampuni yenye majina zaidi ya milioni 150 ya .com ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 1.5 mwaka 2024, na faida ya uendeshaji ikapita dola bilioni moja. Yaani katika kila dola tatu zinazoingia, mbili zinabaki. Novemba mwaka huo Seneta Elizabeth Warren na Mbunge Jerry Nadler waliiandikia serikali yao wakitaka mamlaka ya Verisign juu ya bei yachunguzwe. Mkataba uliongezwa hata hivyo.

Verisign inajitetea kwamba .com haijawahi kuzimika kwa zaidi ya robo karne, na kwamba kinga dhidi ya mashambulizi ni ghali. Utetezi huu una uzito. Lakini unaeleza kwa nini tulipe, hauelezi kwa nini tulipe kiasi hicho. Na kuna ushahidi wa zamani ambao hautajwi vya kutosha. Mwaka 2005 daftari la .net lilitangazwa zabuni. Verisign, iliyokuwa imelishika kwa dola 6, ilishinda tena kwa dola 4.25, ambamo senti 75 zilikuwa za ICANN. Kampuni ile ile, mitambo ile ile, lakini iliposikia nyayo za washindani nyuma yake, bei ilishuka kwa zaidi ya robo. Tangu hapo .net haijashindaniwa tena. Mkataba wake unaruhusu ongezeko la hadi asilimia 10 kwa mwaka, na Februari 2024 bei ya jumla ilifika dola 10.91. Leo .net, jina lisilopendwa kama .com, ni ghali kuliko .com.

Wapo wanaojibu kwamba hakuna ukiritimba wowote kwa sababu vimalizio sasa ni zaidi ya elfu moja: asiyetaka .com achukue .shop, .xyz au .africa. Kwa mtu anayeanza leo asubuhi, jibu hilo linafaa. Kwa mwenye biashara ya miaka kumi halina maana yoyote. Jina lake liko kwenye risiti, kwenye fulana za wafanyakazi, kwenye barua pepe alizosajilia benki, TRA, zabuni za serikali na akaunti za wauzaji wa nje. Akiliacha, mtu mwingine atalichukua, na barua zote zilizokusudiwa kwake zitaanza kumfikia huyo mwingine. Kwa hiyo hata bei ikipanda maradufu, atalipa. Mwaka 2017 Uniregistry, kampuni iliyoshika madaftari ya vimalizio kadhaa vipya, ilitangaza kupandisha bei za vimalizio vyake kadhaa kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Jina la .hosting lililouzwa kama dola 20 lilipelekwa karibu na dola 300, na GoDaddy, msajili mkubwa wa Marekani, ikaacha kuuza vimalizio vya kampuni hiyo. Ndivyo vimalizio vipya vilivyo: mikataba yake mingi haina kikomo cha bei. Inachomlazimu mwenye daftari ni kutoa taarifa miezi sita kabla, ili mwenye jina awahi kulipia hadi miaka kumi kwa bei ya zamani. ICANN imefungua mwaka huu wa 2026 duru nyingine ya maombi ya vimalizio, kila ombi kwa dola 227,000. Anayewekeza fedha hiyo atataka irudi, na itarudi kutoka kwa watu watakaozoea majina hayo.

Hata .org, nyumba ya mashirika ya hisani, haikunusurika. Juni 2019 ICANN iliondoa kikomo cha bei yake ingawa maoni ya umma zaidi ya 3,000, karibu yote, yalipinga. Miezi mitano baadaye zikaja habari kwamba daftari la .org linauzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, kwa dola bilioni 1.135. Mwanasheria Mkuu wa California alipoingilia kati, bodi ya ICANN ilikataa mauzo hayo mwisho wa Aprili 2020. Kisa hicho kinanitia moyo kwa sababu kinaonyesha kelele zikipelekwa mahali sahihi zinafanya kazi. Kikomo chenyewe, hata hivyo, hakikurudi.

Basi kifungo cha kwanza ni cha kweli. Lakini tazama ukubwa wake. Katika bei ya rejareja ya .com, mwenye daftari anachukua dola 10.26, ICANN inachukua senti 20 tangu Julai 2025, na kinachobaki ni cha msajili na wakala. Msajili mmoja, Cloudflare, imekuwa ikiuza kwa bei ya jumla tangu 2018 bila kuongeza kitu. Kwa hiyo tunajua sakafu iko wapi: dola kumi na nusu hivi. Chochote unacholipa juu ya hapo kimewekwa na mtu aliye karibu nawe zaidi kuliko Virginia, yaliko makao ya Verisign, na ICANN haina mamlaka ya kumpangia bei.

Mtu huyo anaipataje nafasi hiyo? Kwanza kwa kugawa bei sehemu mbili. Bei ya mwaka wa kwanza inaandikwa kwa herufi kubwa, mara nyingine dola moja, mara nyingine bure kabisa ukilipia hostingi, yaani hifadhi ya tovuti. Bei ya mwaka wa pili iko mahali pengine, kwa maandishi madogo. Sina ugomvi na ofa, kila duka lina ofa. Ninachogombana nacho ni ofa kwa bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuirudisha bila kupoteza kila alichojenga juu yake. Soda ikipanda unaacha soda. Kisha kuna ada ya kukomboa. Jina la .com likiisha muda na kufutwa na msajili, lina siku 30 za kukombolewa kabla halijaachiwa wengine. Mwenye daftari anamtoza msajili dola 40 kwa kazi hiyo, na msajili anamtoza mteja dola 80, 100, hata zaidi ya 200. Kanuni ya ICANN ya 2013 inataka msajili atume taarifa kama mwezi mmoja kabla ya jina kuisha, tena kama wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. Kanuni nzuri. Taarifa hizo zinatumwa kwenye barua pepe iliyoandikishwa, na hapa ndipo penye jipu.

Shemeji yangu anashona nguo Morogoro. Miaka kadhaa iliyopita alimlipa fundi amtengenezee tovuti na jina la .com, akapewa risiti yenye jina la duka lake. Alipotaka kuhamia kwa mtu mwingine, aliomba msimbo wa uhamisho, yale maneno ya siri ambayo bila hayo jina halitoki kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine. Nilikuwa nimeketi naye dukani jibu lilipoingia kwenye simu: "Dada, ada ya kutoa jina ni laki moja na nusu, ndiyo utaratibu wetu." Tulitafuta jina lile kwenye rekodi za umma. Msajili alikuwa kampuni ya ng'ambo ambayo shemeji hakuwahi kuisikia, na taarifa za mwenye jina zilikuwa zimefichwa. Tulipowaandikia wale wa ng'ambo na kuambatanisha risiti, walijibu kwa adabu kwamba kwenye kumbukumbu zao mwenye jina ni mtu mwingine, na barua pepe iliyoandikishwa ni ya mtu mwingine. Alikuwa ni fundi. Kwa miaka yote shemeji alikuwa akilipia kitu ambacho hakikuwa chake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba daftari kuu la .com halina jina la mwenye jina. Verisign inaandika kikoa, msajili wake, tarehe na seva zake, basi. Nani anamiliki kimeandikwa kwa msajili tu, na kwa msajili kimeandikwa vile wakala alivyojaza fomu. Tangu Mei 2018, baada ya sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, hata hicho kilichoandikwa hakionekani na umma kwa kawaida. Nia ilikuwa njema na mimi naiunga mkono. Watu wengi waliteswa na barua taka na matapeli waliochota anwani zao kwenye rekodi hizo. Lakini tokeo lake kwetu ni kwamba mteja hawezi kufungua rekodi ya umma akaona kama jina lake ndilo lililoandikwa. Alichopewa ni neno la fundi.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba mengi ya haya yameshakatazwa. Sera ya uhamisho ya ICANN, ambayo kila msajili aliyeidhinishwa wa .com na vimalizio vya aina yake amefungwa nayo, inasema mwenye jina akiomba msimbo apewe ndani ya siku tano. Inasema msajili asikatae kutoa msimbo eti kwa sababu tu wanagombania malipo. Inasema asizuie uhamisho kwa deni la mwaka ambao haujafika. Na kuna kifungu ambacho ningependa kibandikwe ukutani kwa kila fundi: kama mwenye jina ameshalipa, uhamisho wake hauzuiwi kwa sababu ya madeni kati ya msajili na mawakala wake. Hakuna mahali sera hiyo inapoanzisha ada ya kutoka. Fedha halali katika uhamisho wa .com hulipwa kule unakokwenda, na hiyo nayo inakununulia mwaka mmoja zaidi juu ya ile uliyobakiwa nayo. Kwa hiyo anayesema "uhamisho unalipiwa" anasema kweli, lakini ni malipo ya mwaka ujao, ambayo ungeyalipa hata ukibaki.

Upande wa wauzaji una hoja, na nimezisikiliza kwa watu ninaowaheshimu. Ya kwanza ni ya usalama. Januari 2005 jina la panix.com, la mtoa huduma mkongwe wa intaneti wa New York, lilihamishwa bila idhini hadi kwa msajili wa Australia, na wateja wake wakakosa barua pepe mwishoni mwa juma. Miezi michache kabla, sera ilikuwa imebadilishwa ili uhamisho upite iwapo msajili wa zamani hatajibu ndani ya siku tano. Makufuli tuliyonayo leo, ikiwemo siku 60 baada ya kusajili, siku 60 baada ya kuhama na, tangu Desemba 2016, siku 60 baada ya kubadili mwenye jina, yana historia ya aina hiyo nyuma yake. Sitaki yaondolewe yote. Nataka tukumbuke kwamba kufuli la kumzuia mwizi halihitaji ada. Shemeji alilipa ile laki na nusu, jina likabadilishwa kuwa lake, na papo hapo kufuli la siku 60 likajifunga. Ndani ya siku hizo tarehe ya kuisha ikafika, na akalazimika kulipia mwaka mzima kwa bei ya yule yule aliyekuwa akimkimbia. Kikundi kilichopitia upya sera hiyo kimependekeza, katika ripoti yake ya 2025, kufuli la kubadili mwenye jina liondolewe na yale mengine mawili yapunguzwe hadi siku 30. Mapendekezo hayo yangemwokoa, na yanastahili kuungwa mkono kwa nguvu ile ile tunayoitumia kuilaani Verisign.

Hoja ya pili ni ya kazi. Wakala wa mjini anapokea simu saa nne usiku, anapokea M-Pesa na Airtel Money, anaongea Kiswahili, anamtafutia mteja nywila aliyoisahau mara tano kwa mwaka. Msajili wa ng'ambo wa dola kumi na nusu hafanyi hayo. Hoja hii naikubali bila masharti. Shilingi 60,000 kwa jina na huduma ya namna hiyo si wizi. Na kama kuhama kunahitaji fundi anakili barua pepe za miaka minane na kuhamisha tovuti yenye picha elfu mbili, hiyo ni kazi ya siku nzima, ailipize. Lakini ankara iandike kazi iliyofanyika. Kutoa msimbo ni kubofya mara mbili. Ankara inayotoza laki na nusu kwa mibofyo miwili inatoza uoga wa mteja kupoteza jina lake.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya soko huria: wasajili walioidhinishwa wako zaidi ya elfu mbili, asiyeridhika ahame. Ushindani huo upo siku ya kununua. Siku ya kulipia tena, mbele ya mteja yuko mtu mmoja tu, na ndiye mwenye ufunguo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna funzo letu wenyewe hapa. Kenya ilianzisha kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba Aprili 2011, Tanzania ikafuata Machi 2017. Kanuni ilikuwa safi, na waliohama wakawa wachache. Kenya, kilichowashika wengi hakikuwa namba, kilikuwa M-Pesa iliyofungwa kwenye ile laini. Kikoa kiko hivyo hivyo. Jina linaweza kuwa huru kuhama, lakini likiwa limefungwa pamoja na barua pepe na hifadhi ya tovuti kwenye akaunti ya mtu mmoja, mteja anaogopa kuvuta uzi mmoja asije akafumua nguo yote. Wauzaji wanajua, ndiyo maana jina linatolewa "bure" ndani ya kifurushi.

Wapo pia wanaosema jibu ni kurudi nyumbani, tuchukue .tz na .ke. Nayaunga mkono majina hayo kwa moyo wote, na yana faida ambayo .com haitakuwa nayo kamwe: anayeshika daftari yuko chini ya sheria zetu na ofisi yake inafikika kwa daladala. KeNIC, inayoshika daftari la .ke, ilipofungua 2017 majina mafupi yanayoishia moja kwa moja na .ke, ilifanya uamuzi huo Nairobi, haikusubiri mtu wa Virginia. Tanzania nayo ilipopiga marufuku, mwaka 2025, kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, ilimpa mteja haki ya kuuliza kwa nini jina la .co.tz liuzwe kwa dola. Lakini uzalendo peke yake haufungui mlango. Sera ya uhamisho ya ICANN haivihusu vikoa vya nchi. Zile siku tano na lile katazo la kushikilia msimbo kwa sababu ya ugomvi wa malipo haviji nyumbani vyenyewe. Kila nchi inajiandikia. Na wakala anayeandikisha .com kwa barua pepe yake ndiye huyo huyo anayeandikisha .co.tz kwa barua pepe yake.

Ndiyo maana nasema nguvu zetu ziko kwenye kifungo cha pili. Bei ya Verisign itaamuliwa Washington na California, na sauti ya Dar es Salaam au Nairobi kule ni ndogo. Mlango wa kutokea tunaweza kuutengeneza hapa. Wasimamizi wa .tz na .ke wanaweza kudai kila usajili uwe na barua pepe na namba ya simu ya mwenye jina mwenyewe, na ujumbe wa kuthibitisha uende kwake kabla jina halijaanza kufanya kazi. Wanaweza kumruhusu mwenye jina kuchukua msimbo kwao moja kwa moja wakala anapogoma. Wanaweza kumlazimisha kila msajili kuandika bei ya mwaka wa pili sambamba na ya mwaka wa kwanza, kwa maandishi ya ukubwa ule ule, na kutamka wazi kwamba ada ya kutoka haipo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mitambo mipya. Msajili mwaminifu, na wapo wengi, hapotezi kitu, kwa sababu wateja wake wanabaki kwa huduma yake. Na fundi aliyezoea kuandikisha majina kwa anwani yake kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, si kwa hila, atakuwa na kanuni ya kumwelekeza. Nina hakika wengi wako katika kundi hilo.

Shemeji ameshahama. Alingoja siku zake 60, akaomba msimbo mwenyewe, ukamfikia kwenye simu yake ndani ya saa moja bila kudaiwa senti. Tarehe ya jina kuisha ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la ndani la daftari lake la vipimo, juu ya orodha ya wateja wanaodaiwa.